Sura ya Sita: Maziwa Hayangoji

Ukitoka Narok kwenda Bomet, kabla hujaanza kuona mashamba ya chai, barabara inakushusha hadi Mto Amala, unavuka daraja, na uko Mulot. Ni mji uliokaa mpakani, sehemu yake Narok na sehemu Bomet, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kukusalimia kwa "Sopa" na mwingine kwa "Chamgei" kabla hujamjibu wa kwanza. Wakenya ambao hawajawahi kufika wanaujua kwa jambo jingine: matapeli wa simu, wale wanaohamisha laini yako usiku ukaamka asubuhi huna senti kwenye M-Pesa. Polisi wamekuja hapa mara nyingi kukamata washukiwa, na sifa hiyo imeushika mji kama masizi yanavyoshika sufuria. Sura hii haiwahusu matapeli, ingawa simu itarudi baadaye. Inahusu maziwa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wachuuzi walikuwa tayari kando ya lami na jerikeni zao. Mama mmoja, aliyejitanda lesso mbili kwa ajili ya baridi, alikuwa na lita arobaini za ng'ombe wake na za majirani. Mwendesha bodaboda akafungua kifuniko, akainama, akanusa, akafunga. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chote.

"Mama," nikamuuliza, "na pua ikikosea?"

"Haikosei. Maziwa yaliyochacha hata mtoto anayajua."

"Na yenye ugonjwa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la darasa la pili. "Ugonjwa haunuki, kijana wangu. Ungenuka, nani angeugua?"

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya bakteria na sijakutana na maelezo mafupi kuliko hayo. Pikipiki iliondoka kabla ya saa moja. Kama kuna mtu angechota tone la maziwa yale na kulipeleka maabara, bakteria wangeoteshwa kwenye sahani ya lishe, na kesho yake saa kama ile vidoa vya kwanza vingeanza kuhesabika. Kufikia wakati huo maziwa yangekuwa yameshanywewa, na jerikeni imeoshwa na kujazwa tena.

Kwenye kituo cha kupoza maziwa mambo yana utaratibu zaidi. Karani hutumbukiza laktometa kuona kama kuna aliyeongeza maji. Huchanganya maziwa kidogo na spiriti kwa kiasi sawa. Yakigandamana, yameanza kuchacha na yanarudi na mwenyewe. Ni vipimo vizuri, vya bei ndogo, vya dakika moja. Lakini hebu sikiliza vinauliza nini. Laktometa inamuuliza mkulima kama ni mwaminifu. Spiriti inauliza kama maziwa yatahimili moto wa kiwandani. Hakuna kati yao anayeuliza kama ndani mna Salmonella, au ile aina ya E. coli iitwayo O157 inayoweza kuharibu figo za mtoto, au brusela. Wadudu hawa hawana haja ya kuchachusha chochote. Wanaweza kukaa ndani ya maziwa matamu, meupe, yenye povu la kupendeza, na laktometa ikasimama palepale inapotakiwa.

Brusela ndiye mgumu kuliko wote. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimwotesha bakteria huyu kutoka kwa askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta. (Ndiye Bruce huyohuyo aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale.) Ikabidi miaka kumi na minane ipite ndipo daktari wa Malta, Themistocles Zammit, agundue mwaka 1905 kwamba mlango wa ugonjwa ulikuwa maziwa ya mbuzi, mbuzi walioonekana wazima kabisa. Hata leo kumwotesha brusela maabara kunaweza kuchukua wiki tatu, na mtaalamu anayefanya kazi hiyo lazima awe na vifaa vya kumkinga, kwa maana bakteria huyu huambukiza hata kwa kuvutwa na pumzi. Hakuna zahanati ya sokoni inayoweza kujaribu.

Basi zahanati hufanya inachoweza. Mtu akifika na homa, viungo vinamuuma na malaria haikuonekana, hutolewa damu na kupimwa kwa matone ya dawa kwenye kioo: Widal kwa taifodi, kipimo kilichoanza mwaka 1896, na kingine cha brusela. Damu ikigandamana, jibu ni "uko nayo". Shida ni kwamba vipimo hivi havimtafuti bakteria. Vinatafuta kumbukumbu ambayo mwili umeiweka juu yake, na kumbukumbu hiyo huchanganya sura. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu kipimo cha haraka cha brusela katika hospitali za magharibi mwa Kenya ulikuta kwamba wengi walioambiwa wana ugonjwa huo hawakuwa nao walipopimwa kwa njia ya kuaminika zaidi. Matibabu ya brusela ni wiki sita za dawa mbili. Hesabu mwenyewe gharama ya kumeza dawa wiki sita kwa ugonjwa usiokuwepo, huku ule uliopo ukiendelea na safari yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa, kwenye kliniki moja ya barabarani, kwamba nina taifodi na brusela kwa mpigo. Nilikuwa na mafua.

Kinachotakiwa, kwa hiyo, ni kitu kinachomtambua bakteria mwenyewe, kwa jina, na kutoa jibu kabla pikipiki haijawashwa. Watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakikitafuta, na mojawapo ya njia zinazotia moyo ni mwanga.

Mwanga wa kwanza ulitoka kwa kimulimuli. Mwaka 1947 William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, aliyekuwa akiwalipa watoto wa mtaani wamkusanyie vimulimuli, alionyesha kwamba mdudu yule hawezi kuwaka bila ATP, ile kemikali ambayo kila kiumbe hai huitumia kama hela ya matumizi ya kila siku. Kutokana na ugunduzi huo kikaja kipimo kinachotumika viwandani hadi leo: unapangusa meza au mrija wa maziwa kwa pamba, unachanganya na kemikali za kimulimuli, na kifaa kinapima mwanga. Mwanga mwingi, uchafu mwingi.

Sasa chukua kipimo hicho ukitie kwenye kibuyu cha mursik, maziwa ya kuchachushwa ya Wakalenjin. Sotet, yaani kibuyu chenyewe, imesafishwa kwa sosiot, kijiti cha kusugulia, ikapakwa ndani mkaa wa mti uliochaguliwa, maziwa yakatiwa na kuachwa siku kadhaa. Humo mna mamilioni kwa mamilioni ya bakteria wa kuchachusha, na ndio hao hao wanaoyapa mursik ladha yake na kuwafukuza wengi wa bakteria wabaya kwa ukali wa asidi. Kipimo cha kimulimuli kingewaka kama Nairobi usiku na kisingekuambia lolote. Kinaona uhai tu. Hakimjui mwema na mwovu. Wakipsigis wanaompokea mwanariadha aliyerudi na medali kwa kumnywesha mursik wangeambiwa wanampa sumu.

Njia ya pili ina jina refu la kukata pumzi, elektrokemiluminesensi, na tukishalitaja mara hii tuliweke kando. Maana yake ni mwanga unaozaliwa na kemikali pale umeme unapoigusa. Si balbu, maana hakuna waya unaopashwa moto. Si kurunzi inayomulika kitu ili kirudishe mwanga. Giza ni giza mpaka umeme uguse elektrodi, na hapo mwanga hutokea juu ya uso wa elektrodi peke yake. Mwaka 1929 E. Newton Harvey aliona luminoli ikiwaka karibu na elektrodi; ni kemikali ile ile wanayonyunyizia polisi kutafuta damu iliyofutwa. Mwaka 1972 Nurit Tokel na Allen Bard wa Chuo Kikuu cha Texas walieleza mwanga kama huo kutoka kwa kemikali ya metali iitwayo rutheniamu, metali ambayo sehemu kubwa ya ile inayotumika duniani huchimbwa Afrika Kusini. Ndiyo inayobeba kazi nyingi hadi sasa.

Kuielewa, fikiria kikapu cha mchumaji wa chai. Kikapu kinajaa, kinapelekwa kituo cha kununulia majani, kinamwagwa, kinarudi shambani kitupu. Majani hayarudi, kikapu kinarudi. Rutheniamu ndiyo kikapu. Kwenye elektrodi yenye volti kama 1.2 hadi 1.4, chini ya betri moja ya tochi, rutheniamu hunyang'anywa elektroni. Pembeni yake kuna kemikali ya pili, tripropilamini, nayo hunyang'anywa elektroni, lakini hugeuka mara moja kuwa na ukarimu wa ajabu: inasukuma elektroni kwa rutheniamu kwa nguvu kupita kiasi. Rutheniamu inapokea, inatetema, na nguvu iliyozidi inaitoa kama mwanga wa rangi ya chungwa. Kisha iko kama ilivyokuwa, tayari kwa safari nyingine. Tripropilamini imekwisha kazi yake. Chembe moja ya rutheniamu inaweza kwenda na kurudi mara nyingi ndani ya sekunde chache, na ndiyo maana kiasi kidogo mno huonekana.

Bado hatujamtia bakteria. Hapo ndipo huingia kingamwili, zile protini ambazo kila moja hushika aina moja tu, kama ufunguo unaokataa vitasa vingine. Vishanga vidogo vya sumaku hupakwa kingamwili za, tuseme, E. coli O157, na kuchanganywa na sampuli. Bakteria wakiwemo hushikwa. Kisha huongezwa kingamwili nyingine zilizofungiwa rutheniamu, nazo humshika bakteria upande wa pili. Sasa amekamatwa na mikono miwili, mmoja una sumaku na mwingine una taa. Sumaku inavuta vishanga hadi kwenye elektrodi, yaliyobaki yanasuuzwa, umeme unapita. Hakuna bakteria, hakuna aliyeleta taa, giza. Kuna vifaa vingine vinavyofanya kinyume: elektrodi inawaka tangu mwanzo, na bakteria wakinasa juu yake wanaziba njia ya elektroni, mwanga unafifia. Binafsi naamini zaidi ile ya kwanza. Taa inayofifia inaweza kufifia kwa sababu mia, na wa Mulot wanajua umeme unavyopotea.

Nguvu yake yote iko kwenye giza. Kiberiti kikiwashwa uwanjani saa sita mchana hakuna anayegeuka. Kikiwashwa usiku stima zimepotea, kijiji kizima kinajua uko wapi. Mashine zinazomulika sampuli kwa taa ili iwake lazima zitenganishe mwanga wa taa na mwanga wa jibu. Hii haina taa ya kutenganisha. Ndiyo sababu hospitali kubwa nyingi duniani, za Kenya zikiwemo, hutumia mashine za kanuni hii zilizoanza katikati ya miaka ya 1990, zile za Elecsys ambazo leo ni za kampuni ya Roche, kupima homoni za tezi ya shingo au virusi vya homa ya ini. Kama umewahi kupimwa tezi, kuna uwezekano damu yako iliwahi kung'aa gizani kwa sekunde moja bila wewe kujua. Na kwa upande wa chakula, mwaka 1996 Hao Yu na John Bruno walionyesha vishanga vya sumaku na mwanga wa rutheniamu vikikamata E. coli O157 na Salmonella katika vyakula na maji, kwa muda wa kama saa moja.

Saa moja, mwaka 1996. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini basi yule mwendesha bodaboda bado ananusa.

Sababu ya kwanza ni maziwa yenyewe. Maji safi ya maabara ni kimiminiko kitiifu. Maziwa yana mafuta, protini na kalisi, na vyote hupenda kuganda juu ya elektrodi kama utando wa chai iliyoachwa kikombeni. Sababu ya pili ni kwamba kingamwili haijui aliye hai na aliyekufa. Chemsha maziwa, waue wote, na bado mikono miwili itawashika na taa itawaka. Tatu, kingamwili zinataka friji, na kila kipimo kinatumia kemikali zilizonunuliwa kwa dola.

Lakini sababu iliyonikalia kichwani muda mrefu ni hesabu ya tone. Bakteria mia tano wa E. coli wakipangwa kichwa kwa mkia hufikia milimita moja, kwa hiyo nafasi si tatizo. Tone lina nafasi ya mamilioni. Tatizo ni uchache. Wa O157 chini ya mia moja wanaweza kumfanya mtu augue. Jerikeni ya lita ishirini ni mililita elfu ishirini. Ikiwa humo mna bakteria elfu mbili waliosambaa, kila mililita kumi ina mmoja, na glasi moja inakupa ishirini na kitu. Kifaa kinachopokea tone moja kitakuwa na giza totoro, na giza hilo litakuwa la kweli kwa tone lile na la uongo kwa jerikeni. Sifa ya kifaa kuona bakteria wachache mno ndani ya tone haisaidii ikiwa hawamo ndani ya tone. Ama uvute kwa sumaku kutoka sampuli kubwa, ama uwape bakteria saa chache kwenye lishe na joto wazaane mpaka wafikie kiwango cha kuonekana. Njia ya pili ni nafuu zaidi. Lakini saa chache tena! Na maziwa hayangoji.

Isipokuwa mahali pamoja. Kwenye tangi la kupozea, nyuzi nne za Selsiasi, maziwa yanangoja. Bakteria wengi wanalala (Listeria hajali baridi, ni mkaidi), na kati ya maziwa ya jioni kupokelewa na lori la kwenda Sotik au Nairobi kufika asubuhi kuna usiku mzima. Sampuli moja ya tangi la wakulima wengi, usiku mmoja wa kuzalisha, kipimo kimoja alfajiri, jibu kabla ya lori. Wanaoandika kuhusu vifaa hivi hupenda kuvipeleka moja kwa moja kwa mkulima zizini. Nadhani wanakosea. Kifaa bila friji ni taa isiyokuwa na mafuta. Kwanza panua baridi, ndipo mwanga upate muda wa kufanya kazi.

Na hapo ndipo simu inarudi. Mwaka 2011 Conor Hogan na wenzake huko Australia walichukua elektrodi iliyochapwa, wakaiunganisha na kipande cha karatasi kilichotayarishwa kwa printa ya wino, wakatia rutheniamu, na kupima mwanga wake kwa kamera ya simu ya kawaida. Karatasi, betri, giza la kasha dogo, na simu. Hawakuwa wakitafuta bakteria wa maziwa, na kutoka kwenye karatasi ile hadi kifaa cha kuaminiwa na mkaguzi kuna njia ndefu ambayo haijaisha. Hata hivyo, kipande kilichokuwa ghali kuliko vyote, jicho la kuona mwanga hafifu, tayari kiko mfukoni mwa kila mtu. Katika mji wenye vijana wanaoijua simu mpaka tumboni mwake, sioni uhaba wa wataalamu.

Maji ya Amala nayo yanahitaji jicho hilo. Mto huu unatoka msitu wa Mau, unakutana na Nyangores kuwa Mara, na kuteremka hadi Serengeti na Ziwa Victoria, na njia nzima kuna anayechota. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozunguka kaunti nyingi za Kenya, Bomet haikuachwa. Kwa maji, hata hivyo, sidhani tunahitaji kungoja kifaa hiki. Klorini haiulizi jina la bakteria.

Nilimweleza yule mama mambo haya yote, kwa maneno machache kuliko niliyotumia hapa, tukiwa kwenye hoteli iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Alisikiliza vizuri. Kuhusu kimulimuli alicheka, kuhusu sumaku akatikisa kichwa.

"Sasa ikiwaka," akasema, "nimwage lita arobaini? Na hao majirani, niwaambie ni ya nani kati yetu?"

Swali la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza, kwa sababu jerikeni ilikuwa imechanganya ng'ombe wa nyumba kadhaa, na taa inayowaka juu ya mchanganyiko haimtaji mwenye ng'ombe mgonjwa. Ingebidi kila zizi lirudiwe, na ndama jike wachanjwe mapema. La kwanza nilikuwa na jibu lake. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha kuwaua brusela, Salmonella na O157 wote. Mbele yetu mwenye hoteli alikuwa akifanya zaidi ya hapo: maziwa, maji na majani ya chai ndani ya sufuria moja, yakipanda na kushushwa, yakipanda tena.

"Usimwage, mama," nikamwambia. "Ikiwaka, chemsha."

"Lita arobaini," akasema, akivuta kikombe chake. "Kila asubuhi. Na kuni atanunua nani?"